Mastaz ya sayansi ya mazoezi na ukocha kwa masafa: nimeisoma nikiwa Mbeya, haya ndo maoni yangu

Walimu wenzangu wa michezo na makocha wa huku Nyanda za Juu Kusini, hii nawaandikia nyinyi hasa. Kila tukikutana kwenye vikao vya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, lazima mtu anivute pembeni aniulize ile mastaz yako vipi, ni ya kweli au ni cheti cha kununua, unasomaje upo Uyole hapa Mbeya na chuo kipo Ulaya, kwahiyo nimeona bora niandike yote kwa pamoja mazuri na mabaya, mtu asome aamue mwenyewe kabla hajatoa hela yake.

Kozi ni mastaz ya sayansi ya mazoezi na ukocha, na ina upande wa elimu ya viungo kwa wanaofundisha shuleni. Unasoma kwa intaneti huku unaendelea na kazi, miaka miwili. Jina la chuo silitaji kwa sababu kuna mambo nitawalaumu humu ndani, afu pia kozi za aina hii ziko vyuo vingi na mpangilio wake unafanana sana, cha kuangalia ni yaliyomo. Mimi nafundisha sekondari hapa Mbeya na jioni nina timu ya wasichana ya riadha na netiboli, kwahiyo maoni yangu ni ya mtu wa shule. Kocha wa klabu kubwa anaweza kuona tofauti.

Jibu la haraka kwa wasiopenda kusoma marefu: inafaa, tena inafaa sana, kwa mtu ambaye tayari ana watoto uwanjani. Kama huna timu wala darasa la michezo subiri kwanza. Karibu kila asaimenti inaanza na maneno chukua kikundi chako ufanye hivi na hivi, sasa asiye na kikundi anabaki kuandika ya kufikirika na wahadhiri wanaona kabisa kwamba huyu anatunga.

Moduli iliyonibadilisha kazi ni ya upangaji wa mazoezi. Wanaanza mbali kidogo, na Hans Selye aliyeeleza mwili unavyoitikia mzigo, wanakuja kwa Matveyev wa Urusi ya Kisovieti ambaye miaka ya 1960 aliweka vizuri wazo la kugawa mwaka wa mazoezi kwa vipindi, halafu ndo wanakuleta kwenye swali gumu: unajuaje mzigo uliompa mchezaji ni mkubwa kiasi gani? Wenzetu wana mikanda ya mapigo ya moyo na vifaa vya satelaiti mgongoni, mimi nina filimbi na saa ya mkononi. Hapo ndo wakatufundisha njia ya mtaalamu wa Marekani Carl Foster, na nataka niieleze hapa vizuri maana hata usiposoma kozi hii unaweza kuitumia kesho asubuhi. Baada ya mazoezi kuisha unaacha kama nusu saa hivi, mtoto amepoa, unamuuliza peke yake kwa ujumla leo ulikua ugumu wa ngapi, sifuri mpaka kumi. Akisema saba na mazoezi yalikua dakika 60 unazidisha unapata 420. Basi. Unaandika kwenye kaunta buku. Haitaki mashine wala bando. Kuna na kipimo kingine cha zamani cha Borg kinachoanza 6 mpaka 20 ila kwa watoto wa shule sifuri mpaka kumi wanaelewa haraka zaidi, wamezoea maksi.

Kwanini muulizwe mmoja mmoja? Ukiwauliza kwa pamoja wote wanafuata jibu la kapteni. Hilo halikuwa kwenye leksha, nimeliona uwanjani.

Sasa kilichotokea. Nilikua naweka mazoezi mepesi Jumatatu, ya kulegeza mwili tu, nikitegemea namba ziwe ndogo. Namba za Jumatatu zikawa zinakuja kubwa, wiki hii kubwa, ijayo kubwa, mabinti wanasema sita, saba, kwa mazoezi ambayo Alhamisi wangesema tatu. Nikawauliza jana mlifanya nini. Jumapili baada ya ibada wanashinda shamba, wengine wanavuna mahindi wanabeba kichwani kupandisha mlima, wengine viazi, wengine siku nzima ya kufua na kuchota maji kwa familia nzima. Yaani wanakuja Jumatatu wakiwa wameshafanya mazoezi magumu kuliko yangu yote ya wiki, na ratiba yangu ilikua inahesabu Jumapili kama mapumziko! Nikahamisha kazi ngumu Jumatano na Alhamisi, Jumatatu nikaifanya siku ya kurusha mpira na mbinu na kuongea. Ndani ya muhula mmoja malalamiko ya kuumwa ugoko yalipungua mpaka mkuu wa shule akaniuliza nimewapa dawa gani.

Na humo humo kwenye daftari ndo nikamuona binti mmoja wa mita 800, namba zake kila siku nane, tisa, na muda wake unazidi kuwa mbaya. Kozi ina sehemu inayohusu upungufu wa nishati kwa wanamichezo, ambao Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilitoa tamko lake 2014: mtu anatumia nguvu nyingi kuliko chakula anachoingiza, mwili unaanza kubana matumizi, hedhi inavurugika au inakata, mifupa inadhoofika, mtu anakua mchovu na hasira. Nilikua nimeisoma wiki hizo hizo. Nikaongea na matroni, matroni akaongea na binti, mwisho tukaenda kwa mama yake. Mtoto alikua anapata mlo mmoja wa maana, wa usiku. Mama alisikitika, akasema mwalimu mbona hili lina dawa hapahapa nyumbani, akawa anamfungia viazi vya kuchemsha na maharage, parachichi huku kwetu halikosekani, ndizi zikitoka Tukuyu anaweka. Tukampeleka na kituo cha afya akapimwe damu. Sio hadithi ya kwamba akawa bingwa wa taifa, hapana, ila alirudi kukimbia akiwa na uso wa mtoto, na alimaliza shule akiwa bado anapenda kukimbia, kwangu hiyo kazi imefanyika. Kama kuna mwalimu wa kiume anasoma hapa, naomba hii sehemu msiiruke kwa aibu. Shirikisheni matroni, lakini msiiruke.

Nimekaa sana hapo kwa sababu ndo uzito wa kozi ulipo.

Upande wa ufundishaji nao ni mzuri kuliko nilivyotegemea. Nilidhani watatuletea mambo ya shule zenye jimu na sakafu ya mbao, na kweli video zao nyingi ziko hivyo, watoto ishirini na kila mmoja na mpira wake. Ila mawazo yenyewe yanahamishika. Wanakufundisha mitindo ya kufundisha ya Mosston, aliyetoa kitabu chake 1966, kuanzia mwalimu anaamua kila kitu mpaka mwanafunzi anajipangia mwenyewe, na wanakufundisha njia ya Bunker na Thorpe ya Uingereza ya 1982 ambayo inasema usianze na kumfundisha mtoto kurusha mpira kwenye foleni, mwanzishe na mchezo mdogo, aone tatizo, ndo umpe ufundi wa kulitatua. Nyote mnajua foleni zetu. Mipira mitatu, darasa limejaa, mtoto anarusha mara moja anarudi nyuma kusubiri mpaka kengele inagonga, afu tunaandika kwenye andalio kwamba wamejifunza pasi ya kifua.

Nilichofanya: nimechukua majivu ya jikoni ya shule, nikachora vyumba vidogo uwanjani, kila chumba watatu kwa watatu, wasio na mpira wa netiboli nikawapa mpira wa kufunga kwa matambara na kamba. Sheria mbili tu, usitembee na mpira na usikae nao zaidi ya sekunde tatu. Wakaanza kugongana vichwa, wote wanaukimbilia mpira. Nikapiga filimbi, nikawauliza kwanini mpira unaibiwa kila saa? Kimya kidogo, halafu binti mmoja wa kidato cha pili ambaye huwa haongei kabisa darasani akasema madam kwa sababu wote tupo sehemu moja. Haya, mnafanyaje? Wakajitawanya wenyewe. Somo la kutafuta nafasi ambalo nilikua nalifundisha ubaoni kwa mishale wamelipata kabla kipindi hakijaisha. Hiyo asaimenti nilipiga picha uwanja wa majivu nikaituma, na mhadhiri akaomba ruhusa aitumie kwa mwaka unaofuata.

Baiomekanika, yaani sayansi ya jinsi mwili unavyotembea na kuruka, watu wanaiogopa kwa sababu ya hesabu. Msiiogope. Simu nyingi saivi zinarekodi taratibu, picha 240 kwa sekunde. Unamrekodi mchezaji anaruka juu kwa miguu yote, unahesabu picha kuanzia vidole vinaachia ardhi mpaka vinagusa tena, ukipata 120 maana yake alikua hewani nusu sekunde. Unachukua huo muda unauzidisha wenyewe kwa wenyewe, mara 9.81, unagawa kwa 8, unapata kama sentimita 31. Watoto wangu wa kidato cha nne wanaosoma fizikia walipoona ile fomula ya darasani inawapa namba ya miguu yao wenyewe, mwalimu wa fizikia alikuja mwenyewe uwanjani kuniomba turudie na darasa lake. Ila faida kubwa ya ile video haipo kwenye kuruka, ipo kwenye kutua. Ukiangalia taratibu unaona mabinti wengi magoti yanaingia ndani wakati wa kutua, yanakaribia kugusana, na hapo ndo kano za goti zinapochanika siku moja kwenye netiboli. Dawa yake ipo na ni bure: ule mpango wa kupasha mwili wa FIFA 11+, mazoezi 15, kama dakika 20, kukimbia kidogo, nguvu na usawa, kuruka na kutua vizuri, halafu kukimbia tena. Utafiti wa Norway uliotoka 2008, wa mabinti wanaocheza mpira wa miguu wa miaka 13 mpaka 17, ulionyesha majeraha yalipungua karibu theluthi kwa timu zilizoufuata. Mimi naufanya na netiboli, na kwenye baridi yetu ya mwezi wa sita ambapo asubuhi nyasi zina umande wa barafu na watoto wamejikunyata kwenye masweta, dakika 20 za kupasha ni lazima tu hata bila utafiti.

Kuna leksha moja nitaikumbuka maisha yangu yote. Moduli ya mbinu za mbio, mhadhiri Mzungu, darasani tumetoka nchi mbalimbali na Mtanzania ni mimi peke yangu, anaanza kwa kuonyesha mbio za mita 1500 za Christchurch 1974, michezo ya Jumuiya ya Madola. Filbert Bayi wetu anaondoka mbele tangu mwanzo, hasubiri mtu, John Walker wa New Zealand anamfukuzia mpaka mwisho hampati, 3:32.2, rekodi ya dunia, na hata Walker aliyeshika nafasi ya pili alikua ndani ya rekodi ya zamani. Tukaambiwa tuchambue: kwanini kuongoza mbele ni gharama, upepo, akili, na kwanini yeye aliweza. Mimi nimekua nalisikia jina la Bayi kama jina la kwenye redio, sijawahi kuelezwa alifanya nini kitaalamu. Nimeshika simu nikawatumia wanangu wa timu usiku ule ule. Inaniuma kwamba nimelipa ada nje ili nifundishwe Bayi, na ningependa kila mwanafunzi wa ukocha hapa nchini amsome Bayi, na Nyambui aliyepata medali ya fedha Moscow 1980 kwenye mita 5000, na Ikangaa aliyeshinda marathoni ya New York 1989, awasome kwa kina kama wenzetu wanavyowasoma.

Halafu mwinuko. Hili ni letu watu wa Mbeya, Iringa, Njombe, Makete, na huwa tunalisema kwa mazoea kwamba sisi tuna mapafu ya juu, timu za Dar zikija uwanja wa Sokoine zinahema. Kozi ilinipangia vizuri. Hewa ya huku ina oksijeni asilimia ile ile kama ya Dar, kama 21, kinachopungua ni presha, Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 na presha ya hewa ni kama nne ya tano ya ile ya pwani, kwahiyo kila pumzi inaingiza kidogo. Mexico City 1968 ilikua mita 2,240, mbio ndefu zikawa za taabu, ndo zile za John Stephen Akhwari wetu aliyeumia akamaliza marathoni na goti limefungwa, na huku mbio fupi na kuruka zikatoa rekodi kwa sababu hewa ni nyepesi, Bob Beamon akaruka mita 8.90. Haya tulikua tunayajua nusunusu. Nilichokua sikijui ni kwamba mita 1,700 peke yake sio mwinuko mkubwa kwa ajili ya kujenga damu, yaani kuufanya mwili utengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi za kubeba oksijeni. Utafiti maarufu wa Levine na Stray-Gundersen wa 1997 uliwaweka wakimbiaji walale mita 2,500 na mazoezi washuke wafanyie mita 1,250, hao ndo waliopata faida kwenye mita 5000. Iten ya Kenya ipo kama 2,400. Sasa huku kwetu nani yupo kwenye hizo mita? Kitulo, ule uwanda wa juu! Wenzetu wa Makete wanalala huko bila kulipia kambi. Na ukitoka Mbeya ukapita Tukuyu ukashuka Kyela ziwani unashuka zaidi ya mita 1,000 kwa safari ya basi ya asubuhi.

Asaimenti ya mwisho ya moduli hiyo nilipanga kambi ya Nyanda za Juu Kusini, kulala pembeni ya Kitulo, mazoezi mepesi hukohuko, na kazi ya kasi kwa awamu wanashushwa chini. Mhadhiri alinipa maksi nzuri kwenye sayansi akanikata kwenye usafiri, akasema watoto watachokea kwenye gari kabla ya kukimbia, na ana haki, barabara zile mnazijua. Pia alinibana kwenye chuma: mwili hauwezi kuongeza damu kama hauna madini ya chuma, kwahiyo kumpandisha juu binti mwenye upungufu wa damu ni kumtesa tu. Kama kuna halmashauri ina ndoto ya kituo cha riadha kusini, haya ndo mambo ya kujadili kabla ya kumwaga zege. Alphonce Simbu ametuletea dhahabu ya kwanza ya dunia pale Tokyo 2025, kwenye marathoni, kwa tofauti ya sekunde 0.03, na hewa ya Arusha peke yake haijamfikisha pale, ni miaka mingi ya mazoezi yaliyopangwa.

Mabaya sasa.

Takwimu na mbinu za utafiti zimefundishwa vibaya. Mifano yote ni ya ligi za kwao, data wanakupa tayari imesafishwa, programu ya kuchambulia ni ya kulipia na leseni ya wanafunzi ilikua inakata katikati ya muhula. Nimeuliza kwanini tusitumie programu za bure nikajibiwa huo ndo utaratibu. Watu wawili ninaowajua wameacha kozi kwenye moduli hii hii.

Video za leksha hazipakuliki. Hili linaniudhi mpaka leo. Unatakiwa uangalie moja kwa moja, sasa bando linaenda, mtandao ukiyumba inarudi mwanzo, na vipindi vya kuonana vimewekwa kwa saa zao ambazo kwetu ni usiku, umeme ukikatika umekosa na mahudhurio yanahesabiwa. Tuliandika barua wanafunzi wa Afrika na Asia kwa pamoja, wakarekebisha mahudhurio, video wakaacha vile vile.

Maabara ni hewa. Wanakuonyesha kwa video mtu anakimbia kwenye mashine na barakoa ya kupima oksijeni, wewe unajaza majibu. Ukitaka kuvishika vifaa hivyo kwa mikono yako, kozi ya masafa haitakupa. Tumefanya vipimo vya uwanjani, ule wa dakika 12 wa Cooper wa 1968 na ule wa mita 20 wa Léger unaoanza kilomita 8.5 kwa saa na kupanda nusu kilomita kila dakika, nimeucheza kwa spika ya simu nikiwa nimeiweka juu ya ndoo, unafanya kazi vizuri, ila jedwali za kulinganishia ni za watoto wa nchi zao zisizo na mwinuko kama wetu, usimpime mtoto wa Mbeya kwa jedwali hilo ukamwambia hana pumzi.

Disatesheni: supavaiza wangu alibadilishwa katikati bila taarifa, wa pili akataka nianze upya swali la utafiti. Tulielewana ila ilikula miezi. Na kamati yao ya maadili haikuelewa mazingira yetu, fomu ya ridhaa ya mzazi kurasa nyingi za Kiingereza cha kisheria, nikaiandika upya kwa Kiswahili kinachosomeka na nikaomba kwa anayeshindwa kusoma asomewe mbele ya shahidi aweke dole gumba, wakakaa nayo muda mrefu sana. Huku nyumbani nako jiandaeni na barua, inatoka chuo, inapita kwa katibu tawala wa mkoa, inashuka wilayani na halmashauri, ndo inafika kwa mkuu wa shule. Nimewasifu hapa watu wa ofisi zetu, walionisaidia walinisaidia kwa moyo, ila anzeni mapema.

Hela. Ada inalipwa kwa fedha za kigeni, kwahiyo kiwango ulichopiga hesabu leo sio utakacholipa mwakani, na benki nayo inakata. Mimi mshahara haujapanda kwa sababu ya hii mastaz, nawaambia ukweli, aliyeingia kwa ajili ya mshahara aulize kwanza kwa mwajiri wake kwa maandishi. Na kabla ya kulipa chochote ingia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, uhakikishe chuo kinatambulika, maana tuzo ya nje bila kutambuliwa huku itakusumbua kila ofisi utakayoingia.

Lingine watu wanachanganya: mastaz haikupi leseni ya ukocha. Kukaa kwenye benchi la timu ya mpira wa ligi wanataka leseni za CAF, shirikisho la mpira la Afrika, unaanzia D unapanda C, B, A, na kozi zake zinapitia TFF, shirikisho la mpira la hapa kwetu. Ndugu yangu mmoja wa Iringa alitaka kuuza kiwanja asome hii ili afundishe timu ya ligi, nikamwambia kaka, anza na leseni, kiwanja kiache kwanza. Na kama unataka kukaa darasani na watu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, na kwa ngazi za chini kuna chuo cha michezo cha Malya kule Kwimba ambako makocha na walimu wengi tunaowaheshimu wamepita. Ulizeni na huko, msikimbilie nje kwa sababu mimi nimesoma nje.

Ukiwapigia watu wa udahili waulize haya: video zinapakulika? Vipindi vya kuonana ni saa ngapi kwa saa za Afrika Mashariki? Nikifanya utafiti na watoto wa shule yangu mna fomu za lugha nyingine? Supavaiza nampata lini na akiondoka nani anabeba? Kama wanakujibu kwa brosha, tafuta chuo kingine.

Nyota nne kati ya tano kwa mwalimu au kocha mwenye timu. Moja nimeikata kwa sababu ya video na takwimu, na kwa asiye na timu nampa tatu mpaka atakapopata kikundi hata cha shule ya msingi ya mtaani kwake.